Baraza la Kijiji Mwanda: Liteuliwe au Lichaguliwe?

Bomba la maji likipasuka Mwanda, juu kwenye milima ya Taita, mkazi aliyemkosa mwakilishi wadi humwendea mzee wa kijiji. Mzee humfikishia naibu chifu, naye naibu humweleza chifu. Lakini chifu ni mtu wa serikali kuu, ilhali huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Lalamiko limepanda ngazi isiyo yake.

Sheria imeliona pengo hilo. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaunda baraza la kijiji: msimamizi wa kijiji akiwa mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5. Kazi yao ni kuratibu ushiriki wa wananchi, kufuatilia utekelezaji wa sera kijijini na kumshauri msimamizi wa wadi. Bunge la kaunti ndilo linaloamua vijiji viwe vingapi. Zaidi ya miaka 10 baadaye, kaunti nyingi za Kenya bado zinajikokota.

Kisingizio cha kwanza ni fedha, na si cha kupuuzwa. Mwaka 2019 Gavana Granton Samboja na wawakilishi wadi wa Taita Taveta walivutana juu ya bajeti, hasa fedha za maendeleo ya wadi, hadi gavana akaanza kukusanya saini za kutaka kaunti ivunjwe. Wakubwa walibishana, mwanakijiji akaombwa saini tu. Hata hivyo, wazee wa baraza hawalipwi mshahara bali posho, na kiwango chake hupangwa na bunge la kaunti lenyewe. Penye nia, hesabu hiyo inapangika.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye uteuzi.

Wazee huteuliwa na msimamizi wa kijiji, yule yule atakayewaongoza, kisha bunge la kaunti likawaidhinisha. Sheria inataka mzee awe ameishi au amemiliki mali kijijini kwa miaka 5 mfululizo na usawa wa kijinsia uzingatiwe. Haisemi popote kwamba wanakijiji wapige kura. Basi mzee akigundua kuwa saruji ya mradi wa kaunti imepungua, atamwambia nani? Mwenyekiti aliyempa nafasi.

Milima ya Taita yenyewe ina desturi tofauti. Kwa vizazi vingi Wataita wamemwagilia mashamba kwa mifereji inayoteremsha maji mabondeni. Wanaoutumia mfereji ndio wanaouzibua, na maji hugawanywa kwa zamu. Msimamizi wa zamu akipendelea, jirani ambaye shamba lake limekauka anamjua na anamfuata siku hiyo hiyo.

Ng'ambo ya mpaka, si mbali na Taveta, Tanzania imechagua njia nyingine. Huko halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 wanaochaguliwa kila baada ya miaka 5, na mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi una haki ya kuihoji, hata juu ya ardhi. Lakini kura pekee si dawa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala CCM kikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Wanaohofia kwamba uchaguzi utaleta siasa za vyama hadi mlangoni wana hoja.

Kwa Mwanda kuna njia ya katikati, wala haihitaji kusubiri Nairobi ibadili sheria. Bunge la kaunti lina mamlaka ya kuidhinisha wazee, hivyo linaweza kukataa jina lolote ambalo halikupendekezwa kwenye mkutano wa hadhara kijijini, bila bendera ya chama na kwa lugha ambayo kila ajuza anaielewa, Kidawida kikiwemo. Linaweza pia kudai kwamba kila robo mwaka baraza lisome hadharani orodha ya miradi ya kijiji: kilichotengwa, kilicholipwa, na mkandarasi aliyelipwa. Wawakilishi wadi watakaoona hilo linawapunguzia nguvu waulizwe sababu kwenye mikutano hiyo hiyo, kabla ya kura ya 2027.