UCHANGANUZI: Nafuu ya Herceptin haitamfikia kila mgonjwa wa saratani ya matiti

TANGAZO la mwaka 2025 kwamba bei ya dozi moja ya Herceptin ingeshuka kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, na kwamba Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ingeilipia, lilipokewa kwa shangwe. Lilistahili. Hata hivyo, mchumaji majanichai wa Kericho au Bomet aliyepatikana na saratani ya matiti hana budi kuuliza kwanza: yangu ni ya aina gani?

Herceptin hukabili saratani yenye protini ya HER2 kwa wingi. Saratani inayoanzia katika vitezi vya maziwa, ambayo ni kati ya asilimia 10 na 15 ya saratani zote za matiti, ni nadra kuwa na sifa hiyo. Takriban visa tisa kati ya kumi huwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni, na aghalabu mgonjwa huhitaji vidonge vya kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kimojawapo ni tamoxifen, dawa kongwe isiyo ghali.

Aina hii ni laghai. Seli zake huwa zimepoteza E-kadherini, protini inayozishikamanisha, hivyo hupenya ndani ya tishu mojamoja kwa safu, mithili ya wachumaji waliopiga foleni mbele ya mizani. Mara nyingi hakuna donge la kupapasa, na hata mamografia huweza kuikosa. Mwanamke huhisi tu sehemu ya titi imekuwa nzito, au huona chuchu imeingia ndani.

Jibu basi limo katika kipande cha nyama kinachokatwa kupimwa. Chapasa kutiwa katika formalini ndani ya saa moja, na kukaa humo kwa saa 6 hadi 72. Kikichelewa, vipokezi huweza kufifia na maabara ikaripoti kuwa havipo. Mgonjwa hunyimwa kidonge ambacho kingemfaa. Kosa hilo halirekebishwi na darubini ya Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka huku.

Wapasuaji si wageni katika eneo hili. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ilianzishwa na wamishenari mwaka 1937. Lakini hospitali za umma zi mikononi mwa kaunti tangu 2013, na ni kaunti zinazopaswa kuhakikisha kila chupa ya sampuli imeandikwa saa ya kukatwa na saa ya kutiwa dawa. Mgonjwa naye adai nakala ya ripoti yenye majibu ya estrojeni, projesteroni na HER2 kabla ya kuanza tiba.