Si Kila Mche Unaoanguka Una Kiu

Shule nyingi huotesha miche ya nyanya kitaluni kabla ya kuihamishia bustanini. Mbegu zikipata joto na unyevu wa kutosha, miche huchomoza baada ya siku 5 hadi 10. Huo ndio wakati wa hatari. Asubuhi moja miche kadhaa huonekana imelala chini. Wanafunzi husema, "Ina kiu," nao huimwagilia maji mengi. Kesho yake miche iliyolala huwa mingi zaidi, na lawama humwangukia mwanafunzi wa zamu.

Kwa maoni yangu, lawama hiyo si ya haki, na maji hayo si msaada. Mkulima hodari huchunguza kwanza, ndipo humwagilia.

Ng'oa mche mmoja ulioanguka, uutazame. Mche wenye kiu hunyauka majani, lakini shina lake ni zima na udongo wake ni mkavu. Ukipewa maji mapema, huinuka tena. Lakini ukiona shina limelainika na kuwa jembamba kama uzi pale linapotoka ardhini, na udongo umelowa, huo ni ugonjwa uitwao kinyausi. Mche wa namna hiyo hauponi.

Kinyausi huletwa na viumbe wadogo sana waishio udongoni. Baadhi yao ni kuvu, kama vile Raizoktonia. Wengine, kama vile Pithiamu, hufanana na kuvu, nao hutoa chembe za uzazi ziwezazo kuogelea katika maji yaliyomo udongoni. Ndiyo sababu maji yakizidi ugonjwa huenea upesi. Viumbe hao huweza kuozesha hata mbegu ambazo hazijachomoza. Shina likisha kukomaa na kuwa gumu, huwa vigumu kwao kulidhuru.

Wako wasemao kuwa dawa ndiyo jibu. Dawa zipo, lakini hugharimu fedha, huweza kudhuru watu zikitumiwa ovyo, wala haziufufui mche uliokwisha kuoza. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii huanza kabla ya kusia mbegu. Kitalu kiinuliwe kiasi cha sentimeta 15 ili maji yasituame. Mbegu zipandwe katika mistari, na miche iliyosongamana ipunguzwe ili hewa ipite. Maji yanyunyizwe asubuhi, ili udongo ukauke juu kabla ya usiku. Kivuli kipunguzwe kadiri miche inavyokua. Miche iliyougua iondolewe pamoja na udongo unaoizunguka, na msimu ufuatao kitalu kihamishwe.

Miche ikifa kitaluni, hakuna mavuno bustanini hata mvua ikiwa njema. Kwa hiyo, kabla hujachota maji, gusa udongo kwa kidole. Ukiwa umelowa, acha.

Jaribio

Chukua makopo mawili yenye matundu chini. Tia udongo wa aina moja, kisha panda mbegu 20 za nyanya katika kila kopo. Kopo la kwanza limwagilie udongo ukikauka juu. La pili limwagilie asubuhi na jioni. Hesabu miche iliyo hai kila siku kwa majuma 3.

Maswali

1. Utatofautishaje mche wenye kiu na mche wenye kinyausi?
2. Kwa nini maji mengi hueneza kinyausi?
3. Je, ni haki kumlaumu mwanafunzi wa zamu? Toa sababu.