Jua la Katilu si Moto wa Jikoni

Wako wenzetu wanaodai eti jua la Katilu ni kali mno, vijidudu vya chakula haviwezi kuishi hapa. Mimi nakataa kata kata!

Salmonela ni vijidudu vinavyokaa matumboni mwa kuku, mbuzi, ng'ombe na hata watu. Hutuingia kwa nyama isiyoiva, mayai mabichi, maziwa yasiyochemshwa na mikono ya msalani isiyonawa. Mchana wetu wa nyuzi 35 hauviui, bali huvizalisha. Moto ndio huviua: chakula kifike nyuzi 70 hadi ndani.

Kwa hivyo, kiporo cha nyama ndani ya sanduku bwenini ni sumu, hata kama hakinuki. Kwa joto letu, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja. Kisu cha nyama mbichi nacho kioshwe kwa sabuni kabla ya kukata nyanya.

Anayehara na kutapika hukaukiwa maji upesi katika joto hili. Anyweshwe na apelekwe zahanati. Walimu wetu, tunaomba sabuni mlangoni mwa bwalo. Kinga ni bora kuliko tiba, au siyo?