Goli Lililokataliwa

Ndugu msomaji, huenda umepata kukaa barazani jioni, baada ya mechi kubwa, ukasikia jinsi watu wazima wenye heshima zao wanavyobishana juu ya goli moja. Huyu asema lilikuwa halali. Yule aapa kuwa mfungaji alikuwa ameotea. Wote wawili waliutazama mchezo ule ule, wote wana macho mazima, wala hapana kati yao ajulikanaye kuwa mwongo. Hata hivyo ushahidi wao hauafikiani. Na ukichunguza zaidi utaona jambo la kustaajabisha: kila mmoja ameliona lile ambalo timu yake ilihitaji lionekane.

Jambo hili si la mpira wa miguu peke yake, wala si la nchi zetu peke yake. Mwezi huu twataka kulitazama katika mchezo ambao wengi wetu hatuna timu ndani yake, maana mtu huuona vizuri zaidi ugomvi usiomhusu. Basi twende Kanada, kwenye mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu.

Mchezo huo ni jamaa wa mpira wa magongo uchezwao nyasini. Tofauti ni kuwa wachezaji huvaa viatu vyenye ubapa mwembamba wa chuma chini yake, wakateleza kwa kasi kubwa. Na badala ya mpira wa mviringo hutumia kisahani kigumu cha mpira mweusi, chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5 hivi. Kila timu huwa na watu 6 uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda lango. Lango lenyewe ni dogo: upana wake mita 1.83, na kimo chake mita 1.22. Mbele yake pana eneo lililopakwa rangi ya samawati, na hapo ndipo makao ya mlinda lango. Washambuliaji na walinzi husongamana mbele ya eneo hilo, wakisukumana, ilhali kisahani chapita kati ya miguu yao kwa kasi ambayo jicho hulifuata kwa shida.

Kila mwaka, tangu mwishoni mwa Desemba mpaka mapema Januari, timu za taifa za vijana walio chini ya miaka 20 hushindania ubingwa wa dunia. Mashindano hayo yalianza kuwa rasmi mwaka 1977. Katika Kanada ni desturi ya nyumba nyingi kuyatazama pamoja, wazee kwa watoto, siku hizo za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo yatokeayo uwanjani hayabaki uwanjani. Huingia sebuleni, yakasikiwa na kila mtoto.

Tarehe 4 Januari 2023, katika mji wa Halifax, Kanada ilikutana na Marekani katika nusu fainali. Hao ni majirani, na ushindani wao katika mchezo huu ni wa siku nyingi. Marekani ilitangulia kwa magoli 2 kwa bila. Kanada ikaamka, ikasawazisha, ikapita mbele. Kisha yakatokea yale ambayo watu waliyabishia kwa siku nyingi. Mara mbili Wamarekani walikitia kisahani wavuni, wakafurahi na kukumbatiana. Na mara mbili, baada ya picha kutazamwa upya, waamuzi walilifuta goli kwa sababu mlinda lango wa Kanada alikuwa amezuiwa kufanya kazi yake. Mchezo ulikwisha kwa Kanada kushinda 6 kwa 2. Siku ya pili yake Kanada iliishinda Cheki 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza, ikatwaa ubingwa. Nayo Marekani ikaishinda Uswidi 8 kwa 7 ikapata nafasi ya tatu.

Hapo ndipo baraza la mashabiki lilipofunguka. Upande mmoja ulisema: mlinda lango ameguswa ndani ya eneo lake, na sheria ni sheria. Upande wa pili ukajibu: kuguswa kule kulikuwa kudogo, hakukumzuia lolote, na mahali pengine magoli ya namna hiyo hukubaliwa. Wa kwanza wakasema: hata mkipewa magoli hayo mawili, hesabu ingalikuwa 6 kwa 4, nanyi mngalishindwa vile vile. Wa pili wakajibu, nao hawakukosa hoja, kwamba goli haliongezi hesabu tu, bali hubadili mwendo wa mchezo wote unaofuata; timu iliyosawazisha haichezi kama timu iliyo nyuma.

Kabla ya kuwahukumu hao, yafaa tuijue sheria yenyewe, kwani ugomvi mwingi hutoka kwa watu wasiojua wanabishania nini. Katika mchezo huu mna maswali ya namna mbili juu ya goli.

La kwanza: je, kisahani kilivuka mstari? Sheria yataka kivuke chote, si nusu wala robo tatu. Swali hili ni la jicho. Pana jibu moja tu la kweli, na kamera iliyowekwa juu ya lango huweza kulitoa, ila pale kisahani kinapofichwa chini ya mwili wa mtu.

La pili: je, mshambuliaji alimzuia mlinda lango? Swali hili ni la akili na uamuzi. Haitoshi kuuliza kama aliguswa. Yapasa kuuliza pia: mguso huo ulimnyima nafasi ya kuokoa? Mshambuliaji aliingia kwa hiari yake, au alisukumwa na mlinzi wa upande wa pili? Na kama alisukumwa, je, alijitahidi kuepuka kumgonga mlinda lango, au aliifurahia nafasi hiyo? Picha yaweza kukuonyesha goti likigusa goti, tena polepole, mara 20. Lakini haiwezi kukuonyesha nia ya mtu, wala haiwezi kukuambia kwa yakini kama mlinda lango angalikidaka kisahani lau asingaliguswa.

Basi hapa ndipo wengi wanapokosea. Wadhani kuwa maadam picha ipo, ubishi umekwisha. Kumbe picha imeondoa ubishi wa namna ya kwanza tu, na ule wa namna ya pili imeuongezea kuni. Zamani shabiki alisema, “Niliona hivi,” na mwenzake akamjibu, “Ulikuwa mbali.” Siku hizi kila mmoja aweza kuisimamisha picha mahali apendapo, akasema, “Tazama!” Naye mwenzake huisimamisha mahali pengine, akasema vivyo hivyo.

Jambo hili limepata kuchunguzwa na wataalamu wa elimu ya nafsi. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilikutana katika mchezo wa kandanda ya Kimarekani. Mchezo ulikuwa mkali, wachezaji wakaumia, na kila chuo kikakilaumu kingine. Wataalamu wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja ya mchezo huo, wakawataka wahesabu makosa waliyoyaona. Walipochapisha matokeo mwaka 1954, ilidhihirika kuwa wanafunzi wa Princeton waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth waliyaona kwa timu yao wenyewe. Filamu ilikuwa moja. Wataalamu hao hawakusema kuwa vijana wale ni waongo. Walisema, kwa maana, kwamba kila upande ulikuwa umetazama mchezo wake.

Tafakari neno hilo, ndugu msomaji. Mwongo ajua kuwa asema uongo, na siku moja huenda dhamiri ikamshika. Ama mtu ambaye mapenzi yake yamelitangulia jicho lake, huyo hana wa kumwonya, kwa kuwa aamini kabisa kwamba asema aliyoyaona. Kwa hiyo twapaswa kuogopa upendeleo wetu zaidi ya tunavyouogopa uongo wetu. Nasi tumefundishwa tangu utotoni kuwa ushahidi wa haki hutolewa hata ukitugeukia sisi wenyewe na jamaa zetu, na kwamba kuwachukia watu si udhuru wa kuwadhulumu. Mafunzo hayo ni mepesi kuyasema. Ugumu wake waonekana siku ambayo ukweli umevaa jezi ya wapinzani.

Labda mtu atauliza: kuna dhara gani? Huo ni mchezo tu, na watu waache wabishane. Kweli, ubishi wa heshima hauna dhara, tena una ladha yake. Lakini ubishi usiokuwa na insafu haukai mahali pamoja. Huanzia kwa goli, ukahamia kwa mwamuzi, ya kwamba amenunuliwa. Kisha ukamwangukia mchezaji mwenyewe. Na katika mashindano haya mchezaji huyo ni kijana.

Tuchukue mfano wa mashindano hayo hayo, miaka minne kabla ya mchezo wa Halifax. Tarehe 2 Januari 2019, katika mji wa Vancouver, Kanada ilicheza na Finland katika robo fainali. Finland ilisawazisha katika dakika ya mwisho. Katika muda wa nyongeza Kanada ilipewa mkwaju wa adhabu, na nahodha wake, Maxime Comtois, mwenye miaka 19, akakosa. Muda si mrefu gongo la mchezaji mwingine wa Kanada likavunjika mkononi mwake mbele ya lango lililo wazi. Wafini wakakichukua kisahani, wakaenda kufunga, wakashinda 2 kwa 1. Usiku huo watu wasiomjua Comtois walimwandikia matusi katika ukurasa wake wa intaneti, na baadhi yao hawakutukana mchezo wake bali asili yake na lugha yake, kwa kuwa yeye ni mtu wa Quebec asemaye Kifaransa. Baadaye ikajulikana kuwa alicheza akiwa na jeraha la bega. Wengi katika Kanada walisimama kumtetea, nao wafaa kusifiwa. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na neno likitoka halirudi.

Waliomtukana walikuwa nani? Pengine si watu waovu. Yumkini ni baba wa watoto, ni wanafunzi, ni vijana wenye adabu mbele ya wazee wao. Walikuwa wameketi sebuleni, wakapatwa na huzuni, wakatafuta wa kumtwika. Ndivyo ilivyo: shabiki aliyeshindwa kuvumilia goli moja huweza kumfanyia mtoto wa mwenziwe jambo ambalo hangelivumilia likifanyiwa wake.

Basi twawashauri wazazi na vijana mambo matatu, nayo hayahitaji fedha wala mwalimu.

Kwanza, geuza jezi. Unapobishania goli, jiulize moyoni: lau mfungaji angalikuwa wetu na mlinda lango wao, ningalisema haya haya? Ukiona kuwa ungalisema kinyume, jua kwamba unachokitetea si sheria bali ni timu yako. Useme hivyo waziwazi, wala si aibu: “Mimi naipenda timu yangu, hukumu yangu msiitegemee sana.” Anenaye hivyo ameanza kuwa shahidi wa kuaminika.

Pili, tenga ulichokiona na unachokidhania. “Aliguswa gotini” ni jambo la kuonekana. “Alikusudia” ni dhana. “Mwamuzi amehongwa” ni tuhuma, nayo haisemwi ila kwa ushahidi. Mambo haya matatu yakichanganywa katika sentensi moja, mtoto asikilizaye hujifunza kuwa ni kitu kimoja, naye atayachanganya vivyo hivyo atakapowahukumu ndugu zake, jirani zake, na hata wazazi wake.

Tatu, hukumu tendo, usimvunjie mtu heshima. Kusema kuwa mkwaju ule ulipigwa vibaya ni haki ya kila mtazamaji. Kumtukana aliyeupiga, kabila lake au lugha yake, si haki ya mtu yeyote, awe uwanjani, barazani, au nyuma ya simu gizani ambako hapana amwonaye.

Tukumbuke pia kazi ya mwamuzi. Yeye hana ruhusa ya kusema, “Sijui.” Sisi twaweza kubishana miaka, lakini yeye hupewa dakika chache, na watu maelfu wakimpigia kelele, kisha yampasa aseme ndiyo au siyo. Hapana shaka hukosea. Lakini mchezo ulio na mwamuzi akoseaye mara nyingine ni bora kuliko mchezo usio na mwamuzi, ambamo mwenye nguvu ndiye mwenye goli. Kukubali hukumu usiyoipenda, ukabaki na maoni yako kwa adabu, ni katika elimu kubwa ambazo mchezo waweza kumfundisha kijana. Wamarekani wale vijana walifutiwa magoli mawili jioni moja. Na siku ya pili yake waliingia tena uwanjani, wakacheza, wakashinda.

Kwa hiyo, baba, utakapokaa na wanao kutazama mchezo, na goli la timu yenu likakataliwa, jua kuwa wakati huo watoto hawaitazami barafu wala nyasi. Wakutazama wewe, waone utasema nini.