Haijibu au Haijibiwi? Kiswahili Mbele ya Kompyuta Iliyonyamaza

Mgeni mwenye adabu apigapo hodi na asisikie "karibu", hakimbilii kuusukuma mlango. Hurudia hodi, husikiliza kama ndani kuna nyendo, kisha huenda kwa jirani kuuliza iwapo wenyeji wamehama au wamelala tu. Katika mwenendo huo wa kawaida mna mantiki kamili ya kutafuta hitilafu: kuuliza swali moja kwa wakati mmoja, kulisikiliza jibu, na kuyaacha maswali mengine yangoje zamu yao. Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kina mantiki hiyo tangu jadi, ila wasomi wake hawajaifikisha mahali inapohitajika leo, yaani mbele ya kompyuta iliyokataa kuwasiliana na nyingine.

Chukua mfano wa saiba ya kawaida mtaani Kondele, mjini Kisumu. Kompyuta sita zimeunganishwa kwa kebo kwenye kisanduku kimoja cha kugawia mawasiliano, na zote hutumia printa moja. Kazi kubwa ya saiba siku hizi ni fomu: ombi la nafasi ya chuo kikuu, ombi la mkopo wa HELB, huduma za serikali kupitia eCitizen. Jioni ya siku ya mwisho ya maombi, kompyuta moja haiioni printa wala haifiki nje. Mtoto wa mvuvi aliyepanda matatu kutoka Dunga hana la kufanya ila kungoja. Mhudumu humpigia fundi simu. Fundi huuliza, "Shida ni nini?" Naye hujibiwa, "Hakuna mtandao." Hapo ndipo lugha inapoanza kugharimu pesa.

Nchini Kenya, kauli "hakuna mtandao" ina angalau maana tatu. Huenda simu haipati mawimbi. Huenda huduma ya intaneti imekatika. Huenda pia kompyuta hii moja imetengana na zilizo kando yake. La kwanza haliihusu saiba. La pili ni la kampuni inayouza huduma. La tatu huenda likawa plagi iliyolegea, ambayo kidole kimoja kingeirudisha mahali pake. Fundi asiyejua ni lipi kati ya matatu hayo hana budi kufunga safari, na nauli na ujira wake vitalipwa hata kama kosa lilikuwa plagi.

Je, wasomi wa Kiswahili wamelifanyia nini tatizo hili? Kwa miaka mingi wamejadili majina. Wapo wanaotetea "tarakilishi", wapo wa "ngamizi", na wapo walioridhika na "kompyuta". Kwa "intaneti" wengine wamependekeza "mdahalishi". Aidha, mnamo mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata kwa Windows na Office. Kazi hizo zinastahili heshima. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hazina hiyo ni nomino. Nomino hutaja vitu, ilhali hitilafu si kitu. Hitilafu ni jambo linalotendeka visivyo au lisilotendeka kabisa, na kulieleza jambo ni kazi ya kitenzi.

Katika kitenzi ndimo Kiswahili kilimo na utajiri. Zitazamwe kauli hizi tatu: "haijibu", "haijibiwi", "hazijibizani". Kompyuta ya kwanza ikiiita ya pili na kusiwe na jibu, tukio ni moja lakini lina pande mbili: ya kwanza haijibiwi, ya pili haijibu. Nani mwenye kosa? Itaamua kompyuta ya tatu. Ikiwa nayo inaiita ya pili bila jibu, basi ya pili haijibu mtu, na uchunguzi uelekezwe huko. Ikiwa ya kwanza haijibiwi na yoyote, kosa liko kwake au kwenye kebo yake. Zikiwa zote sita hazijibizani, kisanduku kinachoziunganisha ndicho cha kushukiwa, pengine hata umeme wake. Mhudumu anayeweza kumwambia fundi kwenye simu, "Nambari nne haijibiwi na yoyote, lakini nyingine zote zinajibizana," amekwisha kufanya nusu ya kazi. Kilichomwezesha ni mnyambuliko wa vitenzi, somo linalofundishwa tangu shule ya msingi.

Hilo si la kushangaza. Mafundi wa magari wa jua kali hufanya hivyo kila siku. Kwao gari linachemsha, breki hazishiki, klachi inateleza, betri imekufa. Kila kitenzi huonyesha pa kutazama.

Kompyuta nayo yaweza kuhudumiwa vivyo hivyo, kwa hatua zenye utaratibu. Baada ya kujua kama aliyenyamaza ni mmoja au ni wote, jicho hutangulia mkono. Kwenye tundu la kebo aghalabu huwa na taa ndogo. Ikizimika ilhali kompyuta inawaka, kebo iazimwe kutoka kwa kompyuta nzima iliyo jirani. Taa ikiwaka, kebo ya awali ndiyo mbovu. Isipowaka, kebo hiyo nzima ihamishiwe tundu jingine la kisanduku, kabla ya kuishuku kadi iliyomo ndani ya kompyuta. Plagi ya kebo hushikiliwa na kijilimi cha plastiki. Kijilimi hicho kikivunjika, plagi huonekana imekaa ilhali imekwisha kutoka. Hali kadhalika, ukingo wa Ziwa Victoria ni eneo la ngurumo na radi nyingi, na radi ikipiga karibu yaweza kuunguza tundu moja la kisanduku na kuyaacha mengine salama. Ndiyo maana swali "Je, jana usiku kulinguruma?" ni swali la kiufundi mjini Kisumu.

Taa ikiwaka, zamu ya anwani hufika. Kila kompyuta katika mtandao huhitaji anwani ya tarakimu isiyofanana na ya nyingine, na katika Windows amri ya ipconfig huionyesha. Anwani inayoanza kwa 169.254 ina habari ya kusimulia: kompyuta iliomba kupewa anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapa tena vitenzi vimetofautisha kupewa na kujipa. Zikiwa kompyuta mbili zina anwani moja, zitagombana, na huenda mawasiliano yakawa yanakatika na kurudi bila sababu ya kuonekana.

Ndipo hupigwa hodi yenyewe. Amri ya ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983 na kupewa jina la mlio wa chombo cha kupimia kwa sauti ndani ya maji, si kitu ila hodi. Kompyuta ijipigie hodi kwanza kwa 127.0.0.1, kisha impigie jirani, kisha ruta inayopeleka mawasiliano nje, kisha mahali pa mbali. Hodi ya kwanza isiyojibiwa huonyesha pa kuanzia. Hata hivyo, kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu toleo la pili la marekebisho ya Windows XP mwaka 2004, Windows huwa na mlinzi ambaye huweza kuzizuia hodi za wageni. Kompyuta ya namna hiyo inasikia, ila imekatazwa kujibu.

Mlinzi huyo ni mfano mzuri wa madhara ya kuunda majina bila kutazama kazi. Wapo wamwitao "ukuta wa moto". Asikiaye hudhani ukuta unaowaka, ilhali asili ya jina hilo ni ukuta wa kuzuia moto usivuke. Vilevile, kisanduku cha kugawia mawasiliano huitwa "swichi", na mwanafunzi aambiwapo "zima swichi" huenda kwenye taa ya ukutani. Majina ya aina hiyo hayagunduliwi na kamati mezani. Hugunduliwa pale mtu anapoyafuata, akakosea.

Wapo watakaopinga kwamba mafundi wa Kisumu husoma Kiingereza, na nyumbani wengi wao huzungumza Kijaluo. Ni kweli. Lakini mhudumu wa saiba, mteja aliyetoka Kakamega na fundi aliyezaliwa Kisii hukutana katika Kiswahili. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumwelekeza raia kuirudisha plagi mahali pake ina urasmi wa karatasi tu.

Pendekezo la makala haya ni dogo, nalo latekelezeka. Idara za Kiswahili, kuanzia zile zilizo karibu na ziwa kama ya Chuo Kikuu cha Maseno, ziwatake wanafunzi kuandika miongozo mifupi ya kutafuta hitilafu, ya ukurasa mmoja. Mtahini asiwe mhadhiri peke yake. Kila mwongozo ukabidhiwe mtu asiye fundi, mbele ya kompyuta iliyochomolewa kebo makusudi. Akiirudisha mtandaoni kwa kuusoma ukurasa huo tu, mwandishi amefaulu. Akikwama, neno lililomkwamisha lifutwe, hata kama limo kamusini. Miongozo iliyofaulu ibandikwe ukutani katika saiba na maabara za shule. Mwenye fomu ya kutuma kabla ya saa sita za usiku hatauliza iwapo iliyo mbele yake ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Anachotaka ni kuambiwa apige hodi wapi kwanza, na afanye nini asipojibiwa.