Rafadha Kubwa Si Mwendo Mkubwa

Juma hili tumepokea barua ya mfanyakazi mmoja wa Temeke ambaye ana hisa ya nusu katika boti ya uvuvi. Nusu ya pili ni ya kaka yake, ambaye ndiye nahodha. Boti hiyo inaendeshwa kwa injini ya nje ya nguvu za farasi 40. Rafadha yake, ambayo wavuvi wengi huiita propela, iligonga mwamba na panga moja likakatika ncha. Mwuzaji mmoja wa vipuri akamshauri achukue kubwa kidogo kuliko ile ya zamani, kwa madai kwamba kubwa hukimbia zaidi. Ndugu yetu akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya ada ya mtoto, akainunua. Sasa anaeleza kuwa boti ikiwa tupu huenda vizuri, lakini inaporudi na samaki na barafu injini huguna na kutoa moshi, na petroli iliyokuwa ikitosha safari nzima huisha kabla ya kufika Feri. Anauliza kama injini imekwisha.

Injini haijakwisha. Itakwisha asipoiondoa rafadha hiyo.

Yafaa ieleweke kwamba rafadha hupimwa kwa namba mbili, ambazo kwa kawaida huchongwa kwenye kitovu chake kwa inchi. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Namba ya pili, ambayo ndiyo iliyomponza ndugu yetu, ni hatua: umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayoingia katika mbao. Maji si mbao, kwa hiyo siku zote husonga pungufu ya hapo. Rafadha yake ya zamani ilikuwa na hatua ya inchi 11. Hii mpya ni ya inchi 13. Kwa macho zinakaribia kufanana, na hapo ndipo wengi wanapotegwa.

Hatua ndefu ni sawa na gia kubwa ya lori. Dereva anayepanda Kitonga na shehena kamili akiwa amebandika gia kubwa hafiki upesi, anaiua injini. Ndivyo ilivyo baharini. Injini iliyobebeshwa hatua ndefu kuliko uwezo wake haifikii mizunguko iliyokusudiwa, hubugia mafuta, hupata joto, na mwisho wake ni pistoni kuungua. Hatua ikiwa fupi mno kinyume chake hutokea: injini hupiga kelele na kupita kiwango chake, na boti haiendi.

Namna ya kuchagua, basi, ni kupima. Kitabu cha kila injini hutaja mizunguko inayotakiwa kwa dakika pindi mafuta yanapofunguliwa yote. Tuseme kitabu kinataka 5,000 hadi 5,500. Pakia boti kama inavyopakiwa siku ya kazi, watu wote, nyavu, barafu na mapipa ya mafuta, kisha mwombe fundi mwenye kipimo cha mizunguko afuatane nanyi. Kipimo kikisoma 4,800, rafadha ni nzito. Kila inchi moja ya hatua hubadilisha takriban mizunguko 150 hadi 200. Ukishuka kutoka inchi 13 hadi 11 utapata kama 5,100 au 5,200, nayo iko ndani ya kiwango. Kupima boti tupu ni kujidanganya, kwani hakuna mvuvi anayelipwa kwa kurudi mtupu.

Lakini kabla ya kufungua mkoba, hakikisha kwamba rafadha ndiyo yenye kosa. Rafadha nyingi za injini hizi zina mpira ndani ya kitovu, uliowekwa ili gia zisivunjike panapotokea kishindo. Mpira ukichoka huteleza: injini hulia kwa nguvu, boti ikabaki inajikongoja. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani kuvuka mpira hadi kitovu cha nje, uiache ikauke, kisha nenda baharini ukaikaze mashine. Ukirudi na kukuta mstari umekatika na pande zake zimeachana, mpira ndio mbovu. Jaribio hili halina gharama, nasi tunashangaa kwamba halifanywi na wengi.

Kuhusu madini, chuma kisichoshika kutu ni kizuri na ni ghali mara kadhaa kuliko alumini. Kwa anayevua karibu na miamba, kama ile iliyozunguka Mbudya na Sinda, sisi tungechagua alumini. Panga la alumini hupinda au kukatika, na hilo ni hasara ndogo. Chuma hukataa kupinda na kishindo chote kikaelekea kwenye gia.

Uendapo dukani, beba ile iliyovunjika. Meno ya ndani ya kitovu lazima yalingane na yale ya shafti kwa idadi na kwa ukubwa, na jambo hilo halihukumiwi kwa kukumbuka. Wakati wa kufunga, chomoa kwanza waya za plagi, maana injini inayowaka kwa bahati mbaya haiulizi mkono ni wa nani. Tazama nyuma ya rafadha kama kuna mshipi uliojisokota. Uzi huo hukata sili, maji yakaingia katika oili ya gia na kuifanya nyeupe kama maziwa. Pakaa grisi isiyoondolewa na maji, rudisha washa zote mahali pake, na uweke kotapini mpya.

Ndugu yetu wa Temeke na airudishe ile ya inchi 13 ikiwa mwuzaji ataipokea, achukue ya inchi 11. Ile iliyokatika ncha asiitupe. Fundi ayapunguze mapanga mengine mawili kwa tupa hadi yalingane na lile fupi, kisha ikae ndani ya boti pamoja na spana, koleo, nati na kotapini za akiba. Haitakimbia, lakini kusi likivuma na nyingine ikavunjikia nje ya mwamba, itamrudisha kaka yake na mabaharia wake pwani.