Vazi kwanza, mzinga baadaye

Miradi ya ufugaji nyuki inapozinduliwa huku kwetu, kinachopigwa picha ni mizinga. Imepangwa mstari, imepakwa rangi, mgeni rasmi anaikabidhi na watu wanapiga makofi. Ukirudi baada ya misimu miwili unakuta mingine imeliwa na mchwa, na mingine ina nyuki tele lakini hakuna anayethubutu kuifungua.

Mimi ni fundi cherahani hapa Mlandege, na mizinga yangu iko shamba, upande wa Kitogani, karibu na msitu wa Jozani. Nyuki wa huko wana neema: minazi inatoa maua mwaka mzima, na mikoko ya Ghuba ya Chwaka haiko mbali. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya mwanzo ya mradi wa nyuki iende kwenye vazi na bomba la moshi. Mzinga ufuate.

Nyuki wa mwambao ni wadogo kwa umbo, ni wakali, na ukiwasumbua sana huhama kundi zima. Mvunaji asiye na vazi hana njia ila kwenda usiku na mwenge wa makuti. Moto unaua nyuki, majivu yanaangukia masega, naye kwa haraka yake anakata kila anachokishika, asali iliyofunikwa nta, isiyofunikwa, na majana humo humo. Asali iliyokomaa maji yake hayazidi asilimia 20. Ile ambayo nyuki hawajaifunika huzidi hapo, na huchacha ndani ya chupa. Kisha mteja wa mjini aliyetaka asali ya kuchanganya na habasoda anaonja, anasikia moshi na uchachu, anasema asali ya Unguja mbaya. Kumbe aliyeivuna alikuwa anaikimbia miiba.

Vazi lenyewe halihitaji kuagizwa nje. Mimi nakata marekani nzito, nyeupe, maana nyuki hushambulia zaidi vitu vyeusi. Liwe pana. Mwiba hupenya pale nguo ilipogusa ngozi, na nguo hugusa ngozi magotini ukichuchumaa na mabegani ukiinama, kwa hiyo sehemu hizo naziwekea kitambaa mara mbili. Wavu wa usoni ndio pekee unaopaswa kuwa mweusi. Wavu mweupe hung'aa juani, na mvunaji hushindwa kutofautisha sega la asali na sega la majana. Ushikiliwe na kofia pana ya ukili ili usilalie pua.

Nyuki wengi wanaoingia ndani ya vazi hupitia mahali ambapo fundi hakupajali, pale zipu inapoishia shingoni. Hapo nashona kipande cha kufunika, kirefu kama kiganja, chenye kishikizo chake. Mikononi glovu zifike karibu na kiwiko na ziishie kwa lastiki. Miguuni suruali ishuke juu ya gambuti na kubanwa kwa lastiki. Nimeona mavazi ya bei kubwa kutoka nje yakiwa na zipu nzuri na shingo wazi.

Bomba la moshi fundi bati yeyote wa mjini anaweza kulitengeneza, kopo lenye mdomo na mfuko wa kupulizia. Kisiwa hiki kina kuni zake bora kabisa: makumbi makavu ya nazi. Yanaungua polepole na moshi wake ni mzito, wa baridi. Usitie plastiki wala tambara lenye mafuta. Moshi kidogo mlangoni unatosha, usubiri, ndipo ufungue. Nyuki wakisikia moshi hujaza matumbo asali, na moshi huo huo huziba harufu wanayoitoa kuitana vitani. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu, nayo hubaki kwenye nguo iliyochomwa miiba, kwa hiyo vazi lifuliwe kwa sabuni kila baada ya mavuno. Na siku ya kwenda mzingani udi na manukato yabaki nyumbani.

Aliyevaa hivyo anaweza kwenda alasiri, mwanga ungalipo. Anatoa masega yaliyofunikwa, anawaachia nyuki chakula chao, anafunga mzinga. Kazi ya utulivu, na kundi linabaki.

Linaloniuma zaidi ni wanawake. Vikundi vya mashamba vina akina mama wengi, lakini ovaroli wanazoletewa zimekatwa kwa mwili wa mwanamme. Juu ya gauni inabana nyonga. Kofia haikai juu ya mtandio. Mama mmoja aliniletea yake dukani akaniambia, "Fundi, hii wametupa ili tuitundike ukutani." Mzinga ni wake, lakini wakati wa kuvuna anasimama mbali, anaitwa kijana avune, naye lazima alipwe. Nilimkatia koti la kufika magotini, suruali pana ya kuvaliwa juu ya nguo zake, na wavu wenye kina cha kutosha mtandio na kichwa. Kitambaa kilichozidi ni kidogo tu, na siku hizi anavuna mwenyewe.

Kwa hiyo anayepanga bajeti ya mradi wa mwakani awaite kwanza akina mama hao wapimwe, kabla seremala hajanunua ubao.